Kiangazi na baba mkwe: kuishi na kutembea Goma pamoja na mzee kutoka Uvira

Mzazi wa mume anapokuja kukaa nyumbani kwa majuma mengi, watu wa mjini kwetu hukuuliza kwanza unampikia nini na umempeleka wapi. Maswali hayo ni ya heshima, lakini kwa yale niliyoyaona katika kiangazi cha 2017, baba mkwe wangu alipotoka Uvira kuja kukaa nasi Goma, mashariki mwa Kongo, yanapaswa kutanguliwa na swali lingine: mzee huyu atakuwa na kazi gani humu ndani? Naandika haya kwa sababu ninawajua marafiki na majirani wanaowapokea wazazi wa wenzao kila likizo kwa moyo mweupe na kwa gharama kubwa, na bado kabla ya mwezi kuisha wenyeji wamechoka, na mgeni naye anaulizia siku ya kurudi kwake.

Baba mkwe ni mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Wakati huo alikuwa ameacha kwenda majini usiku kwa sababu ya magoti, ingawa nyavu alikuwa bado akizishona. Alikuja kwa gari kupitia Kamanyola hadi Bukavu, akalala kwa ndugu zake, kisha akapanda kanoti ya asubuhi, boti ya mwendo wa kasi, iliyomfikisha Goma kwa muda wa saa tatu hivi, kisiwa cha Idjwi kikiwa mkono wake wa kulia kwa sehemu kubwa ya safari. Alituletea mchele wa bonde la Ruzizi, mafuta ya mawese katika bidoni (dumu), na gunia la ndagala (dagaa) kavu ambalo nusu yake, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, halikuwa letu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na Julai na Agosti shule zetu hufungwa. Mume wangu hutoka alfajiri na kurudi jioni. Kwa hiyo siku nzima nyumbani tulikuwa mimi, watoto na mzee, na kati ya mkaza mwana na baba mkwe kuna mipaka ambayo nimelelewa nayo na ambayo sitaki kuiacha: simwiti kwa jina lake, siketi naye kwenye benchi moja, siingii chumbani mwake akiwemo, na maji ya kunawa mikono hupelekewa na mtoto. Mimi nilimwita Papa. Yeye aliniita Mwalimu. Wapo wanaosema kwamba heshima za namna hiyo huwatenganisha watu. Katika nyumba ndogo ya mbao kama yetu zilifanya kinyume chake, kwa sababu zilimpa kila mmoja nafasi yake bila kulazimika kuigombania. Lakini watu wawili wasioweza kukaa pamoja na kupiga soga tu wanahitaji jambo la kuzungumzia, na jambo hilo lilitoka kwake yeye.

Siku chache baada ya kufika, wakati wa chakula cha jioni, alimwambia mwanawe: “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu liko wapi?” Mume wangu akamjibu kwamba amekuja kupumzika. Niliona wazi kuwa jibu hilo halikumpendeza, na asubuhi iliyofuata nikamweleza Papa habari ya maji.

Kwa mtu wa Uvira, maji ya Goma ni jambo gumu kuaminika. Kwao mito inashuka kutoka milimani na kupita katikati ya mji. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano yenye matundu na nyufa, mvua ikinyesha inazama chini, na hakuna mto hata mmoja unaokatiza mjini. Ziwa Kivu liko pale chini, unaliona, lakini mabomba yanaweza kukaa siku nyingi bila tone, na wakati wa kiangazi tanki la maji ya mvua huisha. Hapo familia hununua maji kwa bidoni za lita 20 kutoka kwa wale wanaoyachota ziwani, na pale ufukweni wapo wahudumu wanaotia klorini katika kila bidoni, kwa kuwa kipindupindu si mgeni kwetu. Mzee alisikiliza yote, akauliza bei ya bidoni moja, akauliza tunatumia ngapi kwa siku, kisha akaomba daftari la mtoto.

Tangu siku hiyo maji yakawa yake. Alipanda kwenye kiti akakagua mifereji ya bati, akaziba kwa lami mahali palipokuwa panavuja, na kabla ya mvua za Septemba akawasimamia wanangu wakubwa kuliosha tanki. Alitenga maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia, na yale yaliyobaki baada ya kusuuza vyombo akayapeleka kwenye kitalu cha mboga ya lengalenga alichokipanda kati ya mawe, kwa udongo aliowatuma vijana kuuleta kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kila asubuhi alinipa hesabu: bidoni zilizoingia, zilizotoka, na alichokiona si sawa. Mazungumzo yetu yalianzia hapo na mara nyingi yalikwenda mbali, hadi kwenye bei ya nyavu, hadi kwenye malezi ya mume wangu alipokuwa mdogo. Matumizi yetu ya fedha kwa maji yalipungua, jambo ambalo lilinifurahisha, lakini kilichonifurahisha zaidi ni kwamba watoto walianza kumwomba Babu ruhusa kabla ya kuchota. Mzee mwenye mamlaka juu ya kitu kimoja cha maana ndani ya nyumba hakai kando ya maisha yenu akiyatazama.

Kuhusu chakula sina mengi ya kusema. Alipenda bugali wa muhogo, maharagi, sombe (majani ya muhogo), na samaki wa aina yoyote; viazi vya Masisi alivila kama kitoweo, si kama mlo. Baridi ndiyo iliyotupa shida. Uvira iko kando ya Tanganyika, ziwa lililo kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Goma iko kando ya Kivu, kwenye mita 1,460 na zaidi, kwa hiyo mzee aliyezoea kulala kwa shuka alihitaji mablanketi mawili, koti la jioni na maji ya moto ya kuoga. Alizoea kuketi karibu na mbabula, jiko la makaa, baada ya chakula, na usiku alitaka kuingia nayo chumbani. Makala (makaa) yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na jambo hilo nisingeweza kulikubali hata kwa heshima gani. Hata hivyo, si mimi wa kumkataza baba mkwe jambo la chumbani mwake. Nilimwambia mume wangu, naye akamwambia baba yake, na kwa muda mzee alitii kwa uso wa mtu aliyenyimwa.

Jumamosi ya kwanza mume wangu alichagua bustani ya hoteli iliyo ufukweni, mahali pazuri penye nyasi zilizokatwa na viti vinavyotazama maji. Papa alivaa koti lake la kanisani, akakaa wima, akanywa soda moja na kujibu kila swali kwa ufupi. Njiani kurudi aliuliza neno moja tu: “Wale wanaovua wako wapi?” Swali hilo ndilo lililotupangia Jumamosi zilizofuata.

Tulishika barabara ya Sake kuelekea magharibi na kuteremka Nzulo, ambako wavuvi walikuwa wamerudi na kuanika nyavu. Wavuvi wa Kivu huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakaining'iniza nyavu kati yake na kuwasha taa usiku ili sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wakusanyike chini ya mwanga. Papa aliwasalimu, akaomba ruhusa ya kuketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akaushika wavu na kuupima matundu yake kwa vidole. Aliuliza wanapumzika lini. Walipomjibu kwamba hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, alitikisa kichwa kwa kukubali, kwani ndivyo ilivyo Tanganyika pia: usiku ule uso wote wa maji una mwanga, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kumvuta samaki. Mwanzoni vijana wale walimjibu kama mtu anavyomjibu mzee mpita njia. Baada ya muda mmoja wao akamletea wavu uliochanika, na mzee akashinda hapo hadi saa saba mchana, akishona na kueleza, huku wajukuu wake wakiwa wamemzunguka.

Ndipo nilipopata nafasi ya kumweleza jambo ambalo huwa nawafundisha wanafunzi wangu. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache mno za samaki, na maji yake ya katikati yalikuwa karibu hayana samaki wa kuvuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya ndagala vilichukuliwa kutoka Tanganyika na kumwagwa huku. Zilikuwa aina mbili. Moja haikudumu, nyingine ikazaana, na hiyo ndiyo sambaza inayolisha Goma na Bukavu hadi leo. Papa alichukua sambaza kadhaa mkononi, akawageuza, akasema hawa ni wadogo kuliko wale anaowajua yeye, lakini ukoo ni mmoja. Kisha akaniongezea la kwake. Maji ya Kivu hutoka Bukavu kwa mto Ruzizi, yakashuka karibu mita 700 hadi kufika kwao, na yeye maisha yake yote ameujua mdomo wa mto huo kwa rangi ya maji: yakiwa mekundu sana wavuvi husogea mbali, na kuna majira ambayo samaki hufuata ukingo wa maji yale. Mimi nilikuwa nimeufundisha mto ule kwa ramani miaka mingi. Nilimwuliza maswali hadi jua likaanza kuwa kali, na mume wangu, ambaye ni mtoto wa nyumba ile, alikiri kwamba mengi ya hayo hakuwahi kuyasikia.

Jambo hili nimelishika sana. Wazazi wetu tunawapeleka mahali pa kutazama, ilhali wengi wao ni watu wa ufundi fulani, na mtu wa ufundi hufurahi kuona ufundi wake ukifanywa na wengine, aulize, alinganishe, asahihishe na asahihishwe. Mama aliyekuwa akilima atafurahia shamba la mgeni kuliko bustani ya maua. Fundi wa nguo umpeleke sokoni kwenye vyerehani. Safari kama hiyo haihitaji fedha nyingi, lakini inahitaji mwenyeji awe amemwuliza mgeni wake habari za maisha yake, na hapo ndipo wengi wetu tunapokuwa wavivu.

Safari nyingine ilikuwa ya Lac Vert, ziwa dogo la kijani lililomo ndani ya shimo la volkano ya zamani, upande wa Mugunga. Papa alilitazama, akasema ni zuri, akauliza kama lina samaki. Lakini alichokikumbuka ni mazuku. Katika sehemu zile za magharibi mwa mji, hadi karibu na ufukwe wa ziwa kubwa, hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hukaa mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haionekani. Mbuzi na mbwa hufa kwanza, na mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Wenyeji walituonyesha kibonde wanachokikwepa, na mzee akauliza hewa ile hufika urefu gani, inaondoka saa ngapi, na mtu aliyezidiwa huokolewa vipi bila mwokoaji naye kuanguka. Kuanzia hapo hadi barabarani alimbeba mjukuu wake mdogo mgongoni, magoti yale yale, wala hakukubali apokewe. Jioni hiyo, bila kuambiwa na mtu, alichukua mbabula na kuiacha barazani kabla ya kuingia kulala. Hewa ya makala na ile ya mazuku si moja, lakini zote mbili zinaua kimya, na yeye aliliona hilo kwa macho yake mwenyewe. Maneno ya mwanawe hayakuweza kumfikisha hapo.

Nyiragongo hakutaka kuupanda. Ni mlima wa volkano wa mita 3,470, na kuupanda ni kazi ya saa nyingi hata kwa kijana. Miaka ile mwanga mwekundu wa ziwa la moto lililokuwa kileleni ulionekana usiku kutoka uani kwetu, na alitosheka na huo. Mchana tulitembea polepole mtaani, nikamwonyesha mahali lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipopita ikielekea ziwani, na jinsi watu walivyojenga upya juu yake, nyumba zao zikiwa za mbao na kuta za uani zikiwa za mawe yale yale yaliyowaunguzia nyumba za kwanza.

Jumapili zilikuwa za watu. Baada ya ibada Papa alitaka kuwasalimu jamaa wa Uvira wanaoishi Goma, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo lile gunia la ndagala lilipoeleweka, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na fungu lake lililofungwa tangu kwao. Ziara hizi zilikuwa fupi kwa njia na ndefu kwa saa. Habari za wagonjwa, za mahari ambayo haijamalizika, za mashamba na za mazishi zilipitiwa zote. Watoto walichoka, kwa hiyo tulipatana kwamba mimi nitarudi nao nyumbani baada ya chakula na mume wangu atabaki na baba yake hadi mwisho. Kama ningetakiwa kuchagua safari moja tu ya kumpa mzazi mgeni, ningechagua hii. Mandhari yetu ni mazuri na tuna haki ya kujivunia, lakini mzee aliyesafiri mbali anataka kurudi kwao akiwa na habari za watu, na atakayeulizwa barazani kwake habari za fulani na akakosa jibu atakuwa ametuaibisha sisi wenyeji.

Yapo mambo madogo ambayo hakuna anayekuambia na ambayo huharibu au kuokoa siku nzima. Mzee hukaa kiti cha mbele garini, na kwa pikipiki hapelekwi, hata kama motari ni jirani unayemwamini, kwa sababu mawe ya barabara zetu huumiza mgongo. Kabla ya kutoka ujue mahali pa kujisaidia njiani, na usimngoje aombe, kwani mbele ya mkaza mwana hataomba. Mume ndiye asimamishe gari akisema kwamba yeye mwenyewe anahitaji kushuka. Safari iwe moja kwa wikendi, na koti liwe ndani ya gari hata jua likiwaka. Saa kumi jioni muwe mmefika nyumbani, maana baridi ya Goma huanza kabla giza halijaingia.

Alirudi Uvira mvua zilipoanza, akiwa na maharagi, viazi na koti jipya, na daftari la maji akaniachia mimi.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini matetemeko yaliendelea, na tarehe 27 serikali ya mkoa ikaamuru mitaa mingi ya mji ihamwe. Watu walikimbilia Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda vyombo vya majini. Sisi tulipata nafasi kwenye mashua ya Bukavu, na kutoka huko tukaendelea hadi Uvira, nyumbani kwa Papa, watoto wakiwa na nguo walizovaa.

Alitupokea bila maneno mengi. Tulipokwisha kulala usingizi wa kutosha, alinikabidhi funguo za ghala la nyavu na hesabu ya wale waliokuwa wamekodi nyavu zake, akisema maandishi yake mwenyewe hayasomeki tena na anahitaji mwalimu. Nilifanya kazi hiyo kila asubuhi, naye akiwa ameketi upande wa pili wa mlango. Jumamosi ilipofika alitupeleka kando ya mto Mulongwe, ambao mnamo Aprili 2020 ulifurika usiku na kubomoa nyumba na kuua watu. Mawe makubwa uliyoyashusha yalikuwa bado yapo. Alinionyesha mpaka wa maji kwenye kuta zilizobaki, akanitaka nieleze kwa nini mto uliokuwa ukivukwa kwa miguu uliweza kubeba mawe ya ukubwa ule. Nilimweleza habari ya mteremko mkali, misitu iliyokatwa juu milimani na mvua iliyonyesha kwa saa nyingi. Kisha akatuteremsha hadi ziwani, ambako maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda na kuingia katika mashamba na nyua za watu, akaniuliza kama Kivu nayo imepanda, na kama kufunguliwa kwa maji kwenye mabwawa ya Ruzizi kunaweza kuwafikia wao huku chini. Wajumbe wa mtaa waliokuwa hapo walisogea kusikiliza, na yeye akanisogezea kiti, akawaambia: “Huyu ni mkaza mwana wangu, anafundisha mambo haya. Mwulizeni.”